Kuishi Thailand ukiwa mgeni kati ya Wathai wenyewe: mwongozo kamili kwa sisi wa Afrika Mashariki

Huu mwongozo ni wa mtu anayekuja Thailand kuishi, sio kutalii. Mtalii ana video zake kibao, anajua kisiwa gani aende na tembo yuko wapi. Wewe unayekuja kufundisha, kusoma, kufanya biashara ya mawe ya vito au umeolewa huku, shida zako ni nyingine kabisa: chumba, fomu za uhamiaji, mama anayeuza chakula chini ya jengo lako, anayekuuliza una miaka mingapi kabla hata hajajua jina lako, na bosi anayesema ndiyo huku maana yake ni hapana.

Mimi nafundisha, nakaa upande wa Ramkhamhaeng, mashariki mwa Bangkok, kwenye chuo kikuu kikubwa na misikiti na vyumba vya bei ya kawaida. Kwa iyo nitakayosema ni ya Bangkok ya watu wa kawaida, sio ya Sukhumvit kwenye maghorofa ya mabosi. Na nitawahi kusema mapema: makaratasi ya huku ni makali lakini yanaeleweka, kanuni ni kanuni, unaisoma unaifuata unalala. Kwenye watu ndo penye kazi, ila pia ndo mahali ambapo sisi tunaanza na faida kuliko wazungu wengi, utaona mbele huko kwa nini.

Hatua ya kwanza: kabla hujapanda ndege

Viza siku hizi inaombwa mtandaoni, thaievisa.go.th, na tangu Januari 2025 mfumo huo unatumika dunia nzima. Ubalozi wa Thailand kwa upande wetu uko Nairobi. Chagua aina sahihi tangu mwanzo: Non-B kwa kazi na biashara, ED kwa masomo, O kwa mwenye mume, mke au familia huku. Usije na ya utalii ukitegemea "nitaibadilisha nikifika", watu wanaambiwa hivyo na mawakala halafu wanabaki wanazunguka na bahasha. Mwajiri wa kweli anakutumia barua zake kabla hujasafiri, asipotuma jiulize kwa nini.

Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mrundi, Mnyarwanda na Mkongo, wote tuko kwenye orodha yao. Ichome angalau siku 10 kabla ya safari na ile kadi ya njano iwe kwenye mkoba wa mkononi, maana pale uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi kuna dawati la afya unapitia KABLA ya kwenda foleni ya uhamiaji. Watu wengi hawalioni, wanapanga foleni nusu saa, wakifika mbele wanarudishwa.

Afu kuna kadi ya kidijitali ya kuingia, inaitwa TDAC, ilianza 1 Mei 2025 badala ya ile karatasi ya zamani. Unaijaza ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni BURE. Ukiona tovuti inataka dola, umeshaingia kwa matapeli, toka. Na uwe na hela ya kuonyesha, wanaweza kukuomba uonyeshe baht 20,000 au pesa yenye thamani hiyo.

Vyeti: shahada, transkripti, cheti cha polisi cha tabia njema, vyote vihalalishwe nyumbani kabla ya kuondoka. Kuhalalisha ukiwa huku ni kumtuma ndugu yako mjini kila wiki mpaka achoke na wewe. Walimu wa Kiingereza kutoka kwetu mara nyingi shule zinataka pia matokeo ya mtihani wa TOEIC, hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, ndo hivyo, usibishane nao, kafanye mtihani.

Sasa hapa naomba usome taratibu. Ukipata tangazo la kazi Thailand, "huduma kwa wateja", mshahara mnono, tiketi wanalipa wao, mahojiano dakika kumi kwa WhatsApp, halafu ukifika Bangkok unapakiwa kwenye gari kuelekea Mae Sot, hiyo sio kazi ya Thailand. Mae Sot ni mpakani, ng'ambo ya mto Moei ni Myanmar, na huko kuna makambi ya utapeli wa mtandaoni ambako watu wanafungiwa na kupigwa. Wakenya, Waganda, Waethiopia wameshapita njia hiyo, na mwanzoni mwa 2025 walitolewa watu kwa maelfu, wa nchi nyingi. Kwa iyo muulize mwajiri ofisi iko wilaya gani, ifungue kwenye ramani, na gari likianza safari ya masaa mengi kwenda kaskazini magharibi, shuka kwenye kituo cha mafuta chenye watu na piga 1155, polisi wa watalii, wanaongea Kiingereza.

Hatua ya pili: chumba

Kaa hosteli au hoteli ya bei rahisi siku chache kwanza, usikodi chumba kwa picha. Ukishajua kazini ni wapi, tembea kwa miguu kwenye soi za jirani (soi ni kichochoro kinachotoka barabara kubwa, vina namba, vya witiri upande mmoja, vya shufwa upande wa pili). Majengo mengi yana bango nje lenye bei na namba ya simu. Kwa upande wangu huku, chumba kimoja chenye kiyoyozi na choo ndani ni kama baht 4,000 mpaka 7,000 kwa mwezi, na baht moja ukiibadilisha ni kama shilingi 4 za Kenya. Karibu na treni inapanda haraka.

Wengi wanataka kodi ya mwezi mmoja mbele pamoja na dipoziti ya miezi miwili. Kabla hujasaini, mambo manne. Uliza umeme uniti moja bei gani, maana bei ya serikali iko karibu baht 4 na wenye majengo wengi wanakuuzia 7 au 8, na kiyoyozi cha mwezi Aprili kitakufundisha hesabu. Piga picha kila doa la ukuta, kila kitasa kilicholegea, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo, dipoziti yako inaokolewa na hizo picha. Uliza kama unaruhusiwa kupika, vyumba vingi havina jiko kabisa, watu wanaweka jiko la umeme balkoni. Na swali la nne ndo kubwa: "Utanifanyia TM30?", yaani taarifa kwa uhamiaji kwamba unalala kwake. Akikunja uso, tafuta kwingine.

Maji ya bomba sio ya kunywa. Chini ya kila jengo kuna mashine ya maji, unaweka sarafu ya baht 1 unapata kama lita moja, nunua dumu. Mashine za kufulia ziko hapo hapo. Na kwenye choo kuna ile bomba ya kujisafishia, kwa hiyo Waislamu na watu wa pwani mtajisikia nyumbani.

Hatua ya tatu: makaratasi ukishafika

TM30 ni taarifa ya mwenye nyumba kwa uhamiaji kwamba mgeni analala kwake, anatakiwa aipeleke ndani ya masaa 24. Ni wajibu wake sio wako, lakini ukienda kuomba kitu chochote uhamiaji wanakuuliza WEWE iko wapi. Omba nakala yake uiweke ndani ya pasi.

Kwa Non-B unaingia na siku 90. Shule au kampuni inakutafutia kibali cha kazi, kisha unaongezewa kukaa mwaka mmoja, ada baht 1,900. Usianze kazi kabla ya kibali, hata siku moja, hata "njoo uangalie tu wenzako wanavyofundisha". Hata kujitolea bila malipo kunahitaji kibali, hilo linawashangaza wengi.

Ukishapata mwaka, kila ukikaa ndani ya nchi siku 90 mfululizo unaripoti anwani yako, fomu TM47. Unaweza kuripoti kuanzia siku 15 kabla mpaka siku 7 baada ya tarehe, ukichelewa faini baht 2,000. Mtandaoni inawezekana, siku nyingine mfumo unakataa bila sababu, basi unaenda mwenyewe. Kwa Bangkok ofisi ni Chaeng Watthana, kwenye lile jengo kubwa la serikali. Vaa vizuri. Suruali ndefu, shati lenye kola, viatu vya kufunika. Hakuna atakayekwambia kitu ukienda na kaptura na ndala, ila utaona foleni yako inavyokuwa ndefu.

Kuna mtego wa kuacha kazi: kibali chako cha kukaa kinaisha siku kazi inapoisha, sio tarehe iliyoandikwa kwenye pasi. Kwa iyo kabla hujamwandikia bosi barua ya hasira, hakikisha kazi nyingine iko mkononi na tarehe zimepangwa na ofisi zote mbili. Unaweza kuomba siku 7 za kujipanga, nazo zinalipiwa 1,900.

Ukipitiliza siku ni baht 500 kwa siku, mwisho 20,000, lakini faini sio tatizo. Ukipitiliza zaidi ya siku 90 ukajisalimisha mwenyewe uwanja wa ndege unafungiwa kurudi mwaka mmoja, na ukikamatwa barabarani, hata kama ni chini ya mwaka, unafungiwa miaka 5, na kabla ya hapo unalala mahabusu ya uhamiaji mpaka tiketi ipatikane. Usikubali kabisa mtu wa "nitakugongea muhuri".

Dada zangu mnaojua kusuka, najua mnawaza nini, ila kazi za saluni ziko kwenye orodha ya kazi za Wathai peke yao, pamoja na kuuza bidhaa barabarani na kuongoza watalii. Kumsuka rafiki bure jikoni ni mambo yenu. Kutangaza bei Facebook ni kujitafutia deportesheni.

Mkenya ana ubalozi hapa Bangkok. Mtanzania, ubalozi unaohusika na Thailand uko Kuala Lumpur, kwa iyo pasi ikikaribia kuisha anza mapema sana.

Hatua ya nne: simu, benki, LINE

Laini ya simu: AIS au True, unasajili kwa pasi dukani kwao. WhatsApp utawasiliana na nyumbani tu, huku maisha yote yako LINE: mwenye nyumba, bosi, fundi wa kiyoyozi, wazazi wa wanafunzi. Ukiwekwa kwenye grupu la kazini, jibu hata kwa stika ya kusema asante, kunyamaza kunaonekana kama umenuna.

Akaunti ya benki ukiwa na kibali cha kazi ni rahisi. Bila hicho, tawi hili watakataa, la mtaa wa pili watakubali, usigombane, nenda tawi jingine na barua ya mwajiri. Ukishapata apu ya benki yako unaskani QR kila mahali, mpaka kwa anayeuza embe kwenye toroli, na hakuna makato kama tuliyozoea kwenye pesa za simu. Kadi ya benki ya nyumbani ukiitumia kwenye ATM za huku wanakata kama baht 220 au zaidi kila ukitoa, kwa hiyo toa nyingi kwa mara moja.

Hatua ya tano: watu wa soi yako

Hapa tukae kidogo.

Jambo la kwanza Mthai anataka kujua ni wewe mkubwa au mdogo kwake. Ndo maana anakuuliza umri, na umeoa, na una watoto wangapi, na mshahara. Sio umbea (ok, kidogo ni umbea), ni kwamba hawezi kukuita vizuri kabla hajajua. Aliyekuzidi ni "phi", mdogo wako ni "nong". Mwanaume wa rika la wazee wako ni "lung", mama mtu mzima ni "pa". Mzungu anapata taabu sana na hili, anaona ubaguzi wa umri. Sisi tuliokua na kaka, dada, mama mdogo, shikamoo na marahaba, tunaingia moja kwa moja. Mwite mlinzi wa jengo "phi" hata kama mshahara wako ni mara tatu ya wake. Mama anayeuza chakula chini, "pa". Kazini, mwalimu ni "khru" na jina lake, bosi ni "khun" na jina la kwanza, ukoo hautumiki kwenye maongezi. Wengi wana jina fupi la utani walilopewa tangu wadogo, Nok, Lek, Bank, Golf, na hilo ndo linatumika kila siku hata ofisini.

Mwisho wa sentensi mwanaume anaweka "khrap", mwanamke "kha". Ukiyasahau maneno mengine yote, haya mawili yasikutoke. "Sawatdi khrap" asubuhi kwa kila mtu wa kwenye soi, kwa wiki mbili mfululizo, itakufungulia milango ambayo pesa haifungui. Watakuuliza "kin khao rue yang", umeshakula? Jibu "kin laeo khrap", nimeshakula, hata kama hujala. Watakuuliza unaenda wapi, "pai nai". Hawataki ratiba yako, nyoosha kidole kwa kule, cheka, pita.

Wai, ile ya kuunganisha viganja, kanuni yake ni hii: mdogo anaanza, mkubwa anajibu. Usiwafanyie watoto wala mhudumu wa dukani wai ya kwanza, kuinamisha kichwa kidogo na tabasamu inatosha. Kwa mzee, mwenye nyumba, mkuu wa shule, wazazi wa mpenzi wako, anza wewe, vidole vifike usawa wa pua na kichwa uinamishe. Mtawa utamfanyia ya juu zaidi na yeye hatakujibu, ndo utaratibu. Mwanamke asimguse mtawa wala kumpa kitu mkononi moja kwa moja, na kwenye boti au basi asikae ubavuni kwake.

Viatu nje, kama kwetu pwani. Kichwa cha mtu usikiguse hata cha mtoto. Miguu usiinyooshe kumwelekea mtu wala sanamu ya Buddha, usisukume kitu kwa mguu, usimruke mtu aliyelala au kukaa chini. Ukipita mbele ya wazee waliokaa, inama kidogo.

Sasa ngumu zaidi. Mthai hakwambii hapana usoni. Kuna hisia wanaiita "kreng jai", ya kuona haya kumsumbua au kumkosesha mwenzako raha, na inaendesha kila kitu. Ukimuuliza fundi "utakuja kesho?" atasema ndiyo maana kusema hapana kungekukera. Kwa iyo badili swali: "kesho au keshokutwa, ipi ni rahisi kwako?" Ukimuuliza bosi kama mkataba wako umepita akasema "ngoja kidogo" na kutabasamu, mara tatu, anza kutafuta kazi nyingine. Ukiwa na malalamiko usiyaseme mbele ya watu. Mtafute mtu wa katikati, phi mmoja anayeheshimika ofisini, mweleze taratibu kama unayeomba ushauri, na yeye atayafikisha. Inaonekana kuzunguka sana lakini inafanya kazi haraka kuliko kikao.

Sauti yetu ni tatizo. Kuna watu wa Dar na Nairobi wakiongea kwa furaha, Mthai wa meza ya pili anadhani wanapigana. Kwenye treni na kwenye lifti teremsha. Ukikasirika hadharani, ukagonga meza, ukapaza sauti, hata kama haki ni yako umeshashindwa, hawatabishana na wewe, watatabasamu na hutasaidiwa tena. "Jai yen yen", wanasema, moyo uwe wa baridi. Mwenzako akikosea na akasema "mai pen rai", haina neno, hajakudharau, anawaondolea aibu nyote wawili.

Mfalme na familia yake: usitanie, usichambue, usisambaze, usipige laiki. Kifungu cha 112 kinampa mtu miaka 3 mpaka 15 kwa kila kosa, na wageni hawana msamaha. Hela zina picha ya mfalme, ikidondoka usiikanyage kuizuia. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa unapigwa shuleni, vituoni, kwenye bustani, ukiona watu wamesimama nawe simama. Ukiwa mwalimu utasimama kila siku mbele ya bendera kwenye jua, zoea.

Misiba na harusi utaalikwa, nenda. Msiba wa Kibuddha unakaa siku kadhaa hekaluni, watawa wanasoma dua jioni, halafu maiti inachomwa. Vaa nyeusi, weka pesa kwenye bahasha, andika jina lako juu, kaa, kula, rudi. Bahasha ya harusi ni hivyo hivyo, uliza wenzako kazini wanaweka kiasi gani. Kwa mtu aliyezoea michango ya kwetu hii ni rahisi, na hapa hakuna kikao cha kamati wala ahadi kwenye grupu, shukuru.

Mkienda kula pamoja mara nyingi mkubwa analipa. Usipigane naye kaunta. Kesho yake mletee matunda.

Hatua ya sita: kula

Wali na mboga kwenye vibanda, unachagua kwa kidole, baht 40 mpaka 60. Kula kwa kijiko mkono wa kulia, uma unasukumia, vijiti ni vya tambi tu. Sema "mai phet", sio kali, halafu ujue bado itakuwa kali.

Tafuta chakula cha Isan, watu wa kaskazini mashariki, wako kila soi. Wali wao wa kunata, "khao niao", unaliwa kwa mkono, unafinyanga tonge unachovya, yaani umefika nyumbani. Na kuku wa kuchoma na som tam ya papai bichi lililotwangwa kwenye kinu.

Nguruwe yuko kila mahali, hadi kwenye mafuta ya kukaangia na supu inayoonekana ya mboga. Kusema "mai sai mu", usitie nguruwe, hakutoshi kwa anayefuata halali vizuri, maana kikaango ni kile kile. Tafuta bango lenye mwezi na nyota au maneno "ahan islam". Ramkhamhaeng kuna vibanda vya Waislamu wengi na Kituo cha Kiislamu chenyewe kipo huku, karibu na Silom kuna msikiti wa Haroon, na bidhaa za dukani zina alama ya halali, hata 7-Eleven.

Unga wa ugali ni shida. Kwenye maduka ya upande wa Nana, Sukhumvit soi 3, ambako Waarabu na Waafrika wananunua, unaweza kuupata kwa bei ya kukutoa machozi. Ila soko la asubuhi la soi yako lina vitu ambavyo ukiviona utacheka: majani ya maboga, mchicha, bamia, choroko, mihogo, ndizi mbichi, nazi inakunwa hapo hapo mbele yako. Mimi napika mboga za nyumbani kila wiki, ni ugali tu ndo unakuja kwa msimu.

Hatua ya saba: saa na mwaka

Kwenye fomu mwaka ni wa Kibuddha, jumlisha 543, kwa iyo 2026 ni 2569. Maziwa yanayoisha 2569 hayatakaa miaka mia tano.

Saa za mtaani zimegawanywa kwa mafungu, na jioni zao ni sawa na zetu: "thum nueng" ni saa moja usiku, "song thum" saa mbili, mpaka "ha thum" saa tano. Mwafrika Mashariki hahitaji kufundishwa. Lakini mchana inabadilika, "bai sam" ni saa tisa alasiri, na usiku wa manane "ti sam" ni saa tisa usiku. Sikiliza neno linaloambatana na namba, sio namba peke yake. Tiketi na ofisi zinatumia saa 24.

Hatua ya nane: kuzunguka

Treni za juu na chini ya ardhi ni safi ila bei inajumlika. Huku kwetu tuna boti za mfereji wa Saen Saep, haraka na rahisi, zinakuvusha foleni nzima ya Bangkok, jikinge na maji tu. Pikipiki za abiria wana vizibao vya rangi ya chungwa na wanapaki mwanzo wa soi, bei ziko kwenye ubao. Teksi tumia Grab au Bolt. Wanaendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo watu wanajiamini wanakodi pikipiki bila leseni, halafu wakianguka bima inakataa kulipa. Chukua leseni, vaa helmeti.

Hatua ya tisa: rangi yetu

Nisizunguke. Utaona matangazo ya kazi yanayotaka "mzungu tu", utapigiwa simu ukaambiwa nafasi ipo na ukifika mlangoni imeshajaa. Utasimamishwa na polisi kuonyesha pasi mara nyingi kuliko mwenzako Mjerumani. Nchi yenyewe inapenda weupe kuanzia matangazo ya sabuni, hata kwao wenyewe kwa wenyewe, ndo maana losheni nyingi dukani ni za kung'arisha ngozi, soma chupa vizuri au njoo na mafuta yako. Mashine ya kunyolea njoo nayo pia.

Cha kufanya: tembea na nakala ya pasi na picha ya muhuri kwenye simu. Polisi akikusimamisha, khrap nyingi, tabasamu, onyesha, ondoka. Kazi omba kwa kwenda mwenyewe ukiwa umevaa vizuri, na omba kufundisha somo la majaribio, mwalimu mzuri darasani anasahaulisha mengi. Mtoto akikunyooshea kidole sokoni, mara nyingi ni mshangao tu, msalimie kwa Kithai uone mama yake anavyobadilika sura.

Hatua ya kumi: ukiumwa

Mwenye kibali cha kazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara mpaka kikomo fulani kwa ajili ya mfuko wa jamii, na unachagua hospitali moja ya kutibiwa. Chagua iliyo karibu na chumba, sio yenye jina. Hospitali za binafsi ni nzuri sana na bili yake pia ni nzuri sana. Famasi ya mtaani ina mfamasia, magonjwa madogo anza hapo. Ambulensi ni 1669, polisi 191. Januari mpaka Aprili angalia hewa, vumbi laini linakuwa baya, hasa kaskazini huko Chiang Mai, mwenye pumu ajipange. Sigara za umeme ni marufuku, usije nazo, na bangi tangu katikati ya 2025 inatakiwa cheti cha daktari hata kama maduka unayaona.

Kabla ya kwenda likizo nyumbani

Ukitoka nje ya nchi bila kibali cha kurudi, ule mwaka wako wote wa kukaa unafutika pale pale mlangoni. Unakichukua ofisi ya uhamiaji au kwenye dawati lao uwanja wa ndege, baht 1,000 kwa kurudi mara moja, 3,800 kwa mara nyingi. Ukichukulia uwanjani nenda mapema. Ukirudi unajaza TDAC upya, kadi ya njano unayo, na mwenye nyumba mkumbushe TM30 endapo ofisi yenu inaidai tena.

Na mizigo ya kurudi acha nafasi ya zawadi, "khong fak", wanazitegemea kutoka kwa kila aliyesafiri. Kahawa, majani ya chai, korosho. Usinunue kitu kimoja kikubwa cha bosi, nunua vifuko vidogo vingi vya kutosha ofisi nzima, pamoja na mlinzi, pa wa chakula na vijana wa pikipiki wa mwanzo wa soi, maana aliyerukwa hatasema kitu, ila utajua.